Jicho Langu la Kushoto na Safari Yako ya Kisangani

Aziza mwanangu,

Mambo ya sanduku, ya chumvi, ya namna ya kufunga mchele usilowe ndani ya boti, nimemwachia mama yako, na kwa sauti ninayoisikia kutoka chumbani bado hajamaliza. Mimi nimetoa kiti changu cha kazi nikakiweka mlangoni. Najua barua za namna hii wazazi huziandika usiku watu wakiwa wamelala, lakini taa hainisaidii tena, kwa hiyo nakuandikia mchana huu, jua likiwa bado juu ya mto. Herufi zangu ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Usicheke. Au cheka kidogo.

Jana tukiwa tunakula ulisema huendi Kisangani kusoma. Ulisema polepole, macho yako kwenye sahani: "Papa, siendi tena. Nitabaki mupaka jicho yako ipone." Mama yako akaweka kijiko chini. Mimi nikanyamaza, na nafikiri ulidhani nimekubali. Sikukubali. Mimi ni fundi wa nguo, si msemaji, na maneno yangu yanataka kupimwa kabla hayajakatwa. Nimeyapima tangu jana, haya ndiyo. Boti ya Ubundu inaondoka kesho asubuhi na nataka uyasome kabla.

Nianze na namna ulivyonikamata, kwa sababu tangu siku ile nakustaajabia na sijakwambia. Nilikuwa nimeficha. Jicho la kuume unalijua, liliharibika wakati wa vita, lina doa katikati tangu kabla hujazaliwa, na la kushoto ndilo lililotulisha miaka hii yote. Lilipoanza nalo kuweka ukungu, nilijiambia ni vumbi, ni uzee, ni miwani. Nikawa natia uzi kwenye sindano ya cherehani kwa kupapasa, na hakuna mteja aliyejua. Wewe ulikuwa umekaa kando unachambua majani ya sombe. Ulinitazama kitambo. Kisha ukainuka, ukanawa mikono, ukaja ukaniziba jicho la kuume kwa kiganja chako, ukaniuliza, "Papa, tazama muti wa mulango. Iko sawa ao iko inapinda?"

Nikatazama. Ule mwimo niliusimamisha mwenyewe tulipojenga nyumba hii, na sasa ulikuwa umetoa tumbo. Nikakujibu iko sawa. Ukasema, "Papa, usinidanganye," kwa sauti ya chini ambayo mtu hawezi kuidanganya. Udaktari wenyewe hujaanza hata kuusomea. Nilijua pale pale umerithi kwa nani, kwa sababu mama yako naye alinifanyia jambo kama hilo, na siku ile lilikuwa jambo la kufa na kupona. Hadithi hiyo umeisikia vipande vipande. Leo isikie yote, maana jibu langu la jana limo ndani yake.

Wakati ule wa vita mji wetu ulikuwa umefungwa. Treni haikuja tena. Mashamba ya ng'ambo, upande wa Alunguli, hayakuendeka, na aliyevuka kutafuta muhogo hakuwa na hakika ya kurudi. Tulikula matembele yaliyoota nyuma ya nyumba. Mchele uliokuja kwa ndege ulikuwa wa wenye nguvu. Mimi na mama yako tulikuwa tumeoana karibuni, hatujapata mtoto, na mali yetu yote ilikuwa cherehani ile unayoijua, ya kukanyaga kwa miguu. Ilituokoa na ikatutesa, kwa sababu askari nao huvaa nguo. Komanda mmoja alikuja na jora la kitambaa cha kijani, akaliweka juu ya meza yangu, akasema, "Fundi, nataka suruali ya bantu bangu bote. Ikipinda, utanielezea." Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeagiza chai. Lakini fundi viatu, jirani yetu, alikuwa ameitwa kwenda kueleza kwa nini buti zilibana, na alirudi nyumbani amebebwa.

Tangu siku ile usingizi ulinihama. Mchana nilishona, giza likiingia nilisikiliza. Kila buti zilipopita nje ya ua wa lupango letu moyo ulianza kukimbia na mimi nimelala chali. Mama yako aliuweka mkono wake juu ya kifua changu, akasema, "Lala, bamepita." Walikuwa wamepita kweli, ila moyo haukusikia. Ulikimbia mpaka jogoo akawika, na kesho yake tena, na hivyo hivyo miezi na miezi.

Kisha asubuhi moja nikaamka na doa la kijivu katikati ya jicho la kuume, kama lile linalobaki mtu akitazama jua. Nikangoja liondoke. Halikuondoka. Kijani cha kitambaa kikawa rangi ya majivu, na vitu vikaonekana vidogo, kama vimesogezwa mbali. Jicho halikuuma, halikutoa machozi, halikuwa jekundu. Ndiyo maana sikumwambia mtu. Na ugonjwa usiouma ukimpata mtu mwenye kiburi, una raha yake.

Sasa sikiliza kosa ambalo fundi peke yake anaweza kulifanya. Baba yangu alinifundisha kupima mshono kwa jicho moja: unainua nguo mbele ya uso, unafumba la kushoto, unalenga kwa la kuume. Mafundi wote wa ukoo wetu hupima hivyo. Nami niliendelea hivyo hivyo, kwa jicho lililoharibika. Mshono ulionyooka niliuona umepinda, nikaufumua, nikaunyoosha. Yaani niliupinda. Nilifanya hivyo suruali baada ya suruali, kwa bidii kubwa, nikijisifu moyoni kwamba hata katika njaa mkono wangu ni ule ule.

Mama yako alikuwa akipiga pasi ya makaa. Akainua suruali moja, akaigeuza, akaigeuza tena. "Ramazani," akasema, "hii suruali njo ya nani? Muguu moja iko inaenda soko, ya pili iko inaenda musikiti."

Nikakasirika. Njaa na kukosa usingizi havimpi mtu uvumilivu. Nikamuuliza tangu lini mpiga pasi akamfundisha fundi kazi yake. Alikata uzi mweupe, akaukaza juu ya mshono kutoka kiunoni mpaka chini, akaushika ncha mbili. "Sasa tazama. Uzi iko sawa. Mushono iko unaukimbia."

Nikafumba jicho la kushoto kama kawaida yangu, nikatazama, na nikaona uzi wenyewe umepinda. Uzi uliokazwa haupindi, Aziza. Nikamwambia akaze zaidi. Akakaza mpaka ukamkata kidole, na mimi bado nauona umepinda. Kisha nikafumba la kuume, na uzi ukanyooka kama alivyosema, na mshono ukawa aibu tupu. Nikakaa chini sakafuni na nguo za komanda zimenizunguka pande zote.

Aliketi pamoja nami. Hakuuliza kwa nini nilificha. Alisema tu, "Basi tuzifumue zote," akachukua wembe akaanza. Alikuwa hajawahi kugusa cherehani, ila kuifuta vumbi. Tulikaa juu ya ubao mmoja, mimi nikikanyaga, yeye akiongoza kitambaa, nami nikimfundisha kwa mdomo: legeza, vuta, geuza hapo, usiogope sindano. Alijichoma. Alilia mara moja, kwa hasira, si kwa maumivu, kwa sababu zipu ilikataa. Mikono yake ilijifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi kwa baba yangu, na mishono yake ilikuwa imara kuliko yangu, nakwambia kweli, mpaka leo.

Komanda alikuja akavaa ya kwake. Akatembea ua mzima, akachuchumaa, akainuka. "Fundi," akaniambia, "wewe njo fundi mukubwa." Mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu, sindano bado imechomwa kwenye kikwembe alichojifunga, anatazama chini. Nikasema asante. Wazee wa hapa Mikelenge bado wananisifia zile nguo. Nikiwaambia ni kazi ya mke wangu wanacheka, wanasema Ramazani ana adabu. Kwa hiyo nakuachia wewe ukweli huo, uutunze.

Ungedhani baada ya hapo nilipata akili. Bado. Hatari ya nguo ilipita, lakini doa lilibaki, na mwili wangu ulikuwa mifupa. Unajua watu wa mji wetu: mtu mnene yuko kwenye amani, mtu mwembamba wanamuuliza ana shida gani. Kulikuwa na vidonge vidogo vyeupe vya kunenepesha, deksa, vilivyouzwa kwenye vibanda pamoja na sabuni na kiberiti, na bado vinauzwa. Nikawaza kwamba jicho limekosa nguvu kwa sababu mwili umekosa nyama. Nikaanza kumeza. Mashavu yakajaa. Watu wakanipongeza barabarani katikati ya vita, na mimi nikafurahi kama mjinga. Jicho likazidi kufifia, na usingizi mdogo uliobaki ukaisha kabisa. Mama yako alisema, "Hii unene yako haina raha." Sikumsikiliza mpaka vidonge vyenyewe vikakosekana mjini.

Miaka ilipita kabla sijapata mtu wa kunieleza. Amani ilikuwa imerudi, wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako, na daktari wa macho, mwanamke mmoja mpole mwenye kupenda kucheka, alifika kuona wagonjwa hapa Kindu. Alinitia matone, akachungulia ndani ya jicho kwa taa yake muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Papa, wakati wa vita mulikuwa munalala?"

Nikacheka. Nikamuuliza nani alikuwa analala. Akauliza tena, "Na dawa? Mulikuwa munakunywa dawa gani?" Nikamtajia vile vidonge. Akaweka taa chini, akavuta kiti, akanieleza kama mtu anayemweleza ndugu yake, na tangu siku ile nilitamani mtoto wangu aje kuwa mtu wa namna hiyo.

Nyuma ya jicho, alisema, kuna utando unaopokea mwanga. Chini ya utando huo kuna kitanda cha mishipa ya damu, myembamba kuliko uzi wowote niliowahi kushika, ndiyo inayoulisha. Mishipa ya damu haijiamulii yenyewe. Inapokea amri kutoka kwa mishipa ya fahamu, ile ile inayoukimbiza moyo na kutoa jasho kiganjani bila sisi kuulizwa. Ipo mishipa ya fahamu inayohimiza, ipo inayotuliza, na mtu huwa mzima zikipokezana zamu. Ukiogopa siku moja, ile ya kuhimiza inafanya kazi yake, kisha inapumzika. Ukiogopa mwezi baada ya mwezi, zamu haibadiliki. Damu inajaa kile ambacho mwili humwaga wakati wa hofu, kitanda cha mishipa kinavimba, kinavuja, na maji yanaingia chini ya utando na kuuinua. Nikamuuliza kama ni vile kola inavyofanya ukiipiga pasi vibaya, kitambaa kigumu cha ndani kikaachana na cha juu na kufanya povu. Akasema ni hivyo hivyo, na kwamba mwanga ukianguka juu ya povu hilo mstari hauwezi kuonekana umenyooka.

Kisha akanieleza vidonge. Vimetengenezwa vifanane na kitu ambacho mwili wenyewe hutoa ukiwa na hofu. "Papa," akasema, "mulikuwa na woga, mukaenda kununua ingine ku farmasi." Alicheka, nami nikacheka, ingawa nilikuwa na machozi. Maji yalikuwa yamekauka zamani, lakini yalikaa mno, yakaacha kovu.

Hakujifanya anajua yote, na hilo nalo nililipenda. Alisema wako watu walioogopa kuliko mimi na macho yao ni mazima, na hajui kwa nini. Alisema hata kwa wenye kisukari na wenye presha ya kupanda, mishipa ya jicho ikiharibika, mishipa ya fahamu ina mkono wake humo, na wataalamu bado wanatafuta ni mkono gani. Labda ni wewe utakayekuja kunieleza. Nilitoka pale nikiuheshimu mwili wangu kuliko nilivyoingia. Kumbe muda wote ule mimi nilijifanya mwanaume mbele ya askari, mbele ya mama yako, hata mbele yangu mwenyewe, na kipande hiki kidogo cha nyama nyuma ya jicho hakikukubali kudanganywa.

Sasa tufike kwako.

Ni kweli silali. Tangu jina lako lisomwe kati ya waliokubaliwa kusomea udaktari Kisangani, naamka giza bado, nawaza mto, nawaza njia ya kutoka Ubundu juu ya pikipiki kwenye mvua, nawaza chumba utakacholala na watu usiowajua. Moyo umerudia mbio zake za zamani. Wewe umelitambua hilo, ukafanya hesabu: Papa anaogopa kwa sababu yangu, nikibaki hataogopa, asipoogopa, mishipa itatulia na jicho litapona. Ni hesabu ya mtu mwenye akili na mwenye moyo, na nilipoielewa jana niliona fahari nikashindwa kula. Lakini ina kosa.

Ukibaki, nitalala usiku wa kwanza. Labda na wa pili. Kisha nitakuona asubuhi unachambua sombe mahali pale pale, kwa ajili ya jicho langu, na wenzako wako darasani. Hapo ndipo usingizi utakapoondoka moja kwa moja. Woga wa wakati wa komanda ulikuwa wa mtu anayengoja kuumizwa. Huu wa sasa ni wa mtu mwenye kitu kizuri mkononi ambacho hana budi kukiachia. Nimechunguza, na ndani yake kuna furaha nyingi. Niache niuzoee taratibu.

Sitakudanganya kwamba jicho litapona. Daktari alisema mengi hupona yenyewe mtu akipata utulivu, na lile la kwanza nililiharibu zaidi kwa ujinga. Safari hii sifichi. Jumatatu mama yako atanipeleka hospitali, na umemsikia akisema, mimi siwezi kumtoroka. Vidonge vya kunenepa sivigusi. Kazi naacha jua likishuka. Mchana ananilazimisha kulala, anakaa mlangoni, anafukuza wateja kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Kukata nguo amechukua yeye. Nikishindwa kabisa na macho, tutarudi kwenye ule ubao mmoja, mimi nikanyage yeye aongoze, na wateja watavaa vizuri kuliko walivyozoea.

Huko Kisangani watakwambia umekonda, na rafiki mwema atakupa kidonge cheupe. Utajua la kumjibu kabla yangu. Na hofu ikikujia, ya mtihani, ya mgonjwa wa kwanza, ya kulala mbali, usifanye kama mimi. Mwambie mtu. Mimi nilikuwa na mtu kando yangu kila usiku, mkono wake kifuani pangu, na bado nilinyamaza. Katika makosa yangu yote hilo ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu yeye angeweza kuibeba hofu ile pamoja nami, na wewe pia ungeweza. Nimekuwa nikiishi kati ya wanawake wawili hodari na nikijidhania mimi ndiye ninayewalinda.

Neno la mwisho ni la bandarini kesho. Wakati wa kuagana utaona sikutazami usoni. Nitakuwa natazama pembeni, kando ya sikio lako. Usifikiri nimekasirika, wala usidhani naficha machozi, hayo sitayaficha. Ni kwamba doa sasa liko katikati kwa macho yote mawili. Nikikukazia macho, uso wako unapotea. Nikitazama kando kidogo, unarudi wote. Basi nitatazama kando mpaka boti ifike mahali mto unapokata kona. Wewe panda tu, mwanangu. Mimi nitakuwa nakuona.

Papa yako